Karakana ya nyumbani: ndoto ya banda la gari na hesabu zake hapa pwani

Kila mwenye mkono wa ufundi ana karakana moja kichwani mwake. Huijenga akiwa ndani ya matatu, huipanga upya usiku stima ikipotea, na kila akipita mbele ya duka la vifaa huiongezea mashine moja. Yangu ina bao refu la mvule, jiliwa la chuma lililofungwa barabara kwenye pembe ya bao, dirisha pana, na kabati la zana ambalo kila kitu kina mahali pake. Kwa miaka mingi ilikuwa ndoto ya bure, haimgharimu mtu hata ndururu.

Mwaka huu imeanza kugharimu. Ubavuni mwa nyumba yetu hapa Kisauni pana banda la gari, futi 10 kwa 18, kuta za matofali ya simiti pande tatu na paa la mabati. Gari tuliliuza. Tangu banda libaki tupu, mfanyabiashara mmoja wa mtaani amekuja mara mbili kutaka nimpangishe afungue duka, na kodi anayotaja ni shilingi 8,000 kwa mwezi. Mke wangu anasema hiyo ni karo ya shule iliyokuja yenyewe mlangoni, na hoja yake ina uzito. Upande wa pili kuna sanduku la zana aliloacha marehemu baba, Mungu amrehemu, ambalo kutu imeanza kulila. Na kuna mpwa wangu wa miaka 18, amemaliza kidato cha nne, na siku zake zinaishia maskani.

Kwa hivyo nimelazimika kujiuliza: karakana ya nyumbani, katika hewa hii yetu, inataka nini hasa ili iwe karakana na isiwe stoo ya takataka? Maana banda likigeuka stoo, basi ni heri duka. Haya hapa ndiyo niliyokusanya kwa kuuliza mafundi, kwa kupima, na kwa yale niliyofunzwa na baba. Natumai yatamfaa na mwingine mwenye banda, kipenu au kona ya ua.

Picha za wenzetu, hewa yetu

Picha nyingi za karakana tunazozitazama kwenye simu zinatoka Marekani na Ulaya. Huko gereji ni sehemu ya nyumba, na imejipatia heshima yake. Mwaka 1939 William Hewlett na David Packard walianzisha kampuni yao katika gereji ya nyumba moja mjini Palo Alto, California, na gereji hiyo imehifadhiwa hadi leo kama mahali pa kumbukumbu. Basi haishangazi kwamba mtu akisema gereji, kijana huona mahali pa kuanzia maisha.

Lakini gereji zile zimejengwa kufukuza baridi. Zina mlango mzito unaofungwa, kuta zilizozibwa, na ubao mkubwa ukutani ambapo misumeno, patasi na koleo zimetundikwa wazi kama mapambo. Ichukue picha hiyo uilete Kisauni, Likoni au Malindi bila kuibadilisha, na baada ya masika mawili utakuwa na tanuri lililojaa vyuma vyekundu. Adui yetu si baridi. Ni joto, unyevu, chumvi na mchwa, na karakana yetu ipangwe kwa ajili ya hao wanne.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Fundi mmoja mzee aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: "Mwanangu, utatengeneza nini?" Nilikuwa nimemwendea na orodha ya mashine. Akairudisha bila kuisoma.

Ana haki. Anayetaka kutengeneza milango na makabati anahitaji nafasi ya kugeuza bamba la plaiwudi la futi 8 kwa 4. Anayetaka kurekebisha feni, pasi na cherehani anahitaji meza safi, mwanga mkali na droo ndogo ndogo, wala hahitaji banda zima. Anayechonga nakshi anahitaji kidogo zaidi ya hapo: wachongaji wengi niliowatazama Lamu hukaa chini, kazi iko mbele yao juu ya gogo fupi, patasi zimepangwa kando ya goti. Karakana yao yote inaenea kwenye mkeka mmoja, na hapo ndipo zinapotoka fremu za milango zinazopigwa picha na dunia nzima.

Kwa upande wangu nimeandika kazi tatu tu: milango miwili ya vyumba iliyooza kwa chini, kabati la jikoni, na viti vya baraza. Orodha ya mashine ikafupika papo hapo.

Jua, upepo na mvua

Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua liko karibu na utosi mwaka mzima, mara likielemea kaskazini, mara kusini. Jua linalotesa ni la asubuhi na la alasiri, linaloingia likiwa chini. Kwa hivyo madirisha ya karakana yafaa yatazame kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi uwe mzima. Ukiweka bao lako mbele ya dirisha la magharibi, saa kumi alasiri hutaona mstari wa penseli.

Upepo nao tunaujua. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili na kuendelea miezi kadhaa. Kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki wakati wa Desemba hadi Machi. Ukiwa na uwazi pande hizo mbili, pepo zote mbili zitapita ndani na kutoka na joto na vumbi. Banda langu limefunguka kaskazini, lakini nyuma limezibwa. Nitatoa safu mbili za matofali sehemu ya juu ya ukuta wa kusini niweke yale ya matundu. Na kwa kuwa mvua ya masika huja ikisukumwa na kusi, upande huo nitaushushia kipenu cha futi tatu ili maji yasiingie kupitia matundu hayohayo.

Paa la mabati bila dari huunguza. Wengi hukimbilia makuti, na kweli ni baridi. Lakini makuti, unga wa mbao na cheche za grainda havikai chumba kimoja. Mwenye makuti akatie chuma chake nje, uani.

Kutu na mchwa

Chumvi iliyo katika hewa ya bahari hutua juu ya chuma na kuvuta maji. Ndiyo maana patasi iliyoachwa juu ya bao usiku mmoja wa mwezi wa tano inaamka na madoa. Wazee hawakutundika zana ukutani. Waliziweka ndani ya sanduku la mbao lenye mfuniko, kila moja imepanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Mafuta ya cherehani yanatosha, ama nta ya mshumaa ikisuguliwa juu ya randa na msumeno. Jambo kubwa ni kupangusa jasho la mkono kabla ya kufunga sanduku, kwani jasho nalo ni maji ya chumvi.

Zana za baba nimezikagua moja moja. Kutu ya juujuu inatoka kwa msasa laini na mafuta, na ukali unarudi juu ya kinoo. Randa mbili na patasi tano zitapona. Msumeno mmoja umeliwa meno, huo utabaki ukumbusho.

Mbao nazo zina tabia yake. Mbao iliyokaushwa bara ikishuka pwani inakunywa unyevu na kuvimba. Ukiipiga randa na kuiunga siku uliyoinunua, mlango utabana fremu kabla ya mwaka kwisha. Dawa yake ni subira: zilaze mbao ndani ya karakana wiki kadhaa, ukitenganisha kila moja kwa vijiti vya unene sawa ili hewa ipite pande zote. Zisiguse sakafu wala ukuta, kwa sababu mchwa hupanda kimyakimya kupitia ufa wa simiti. Rafu ya vyuma iliyo futi moja kutoka chini inakupa nafasi ya kuona njia yao ya udongo mapema na kuifagia.

Na mbao zenyewe zitoke wapi? Marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali iliyowekwa 2018 ilitangazwa kuondolewa 2023, lakini mbao nzuri bado ni ghali. Mji wa bandari una bahati yake: paleti. Tazama muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, hiyo tumia. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya sumu, hiyo iache, usiitie hata jikoni. Nyumba za kale zinapobomolewa hutoka pia vipande vya mvule na msaji vilivyokauka kwa miaka, ila vikague kwa sumaku kwanza. Msumari mmoja uliofichika unaharibu meno ya msumeno na unaweza kuharibu jicho.

Nafasi na bao

Futi 10 kwa 18 zinaonekana nyingi mpaka uweke bamba la plaiwudi katikati. Ukikata mbao ya futi 8 kwa msumeno wa meza, unahitaji futi 8 mbele ya msumeno na futi 8 nyuma yake. Mafundi wajanja huuweka msumeno ukielekea mlangoni, mbao ndefu ikatokea nje. Vitu vizito hutiwa magurudumu yenye breki, vikasukumwa kando kazi ikiisha. Mimi sina msumeno wa meza wala sitaununua sasa, ila nimeacha mahali pake kwenye mchoro.

Bao la kazi ndilo moyo wa karakana. Urefu wake hupimwa kwa mwili wa mtu, si kwa kitabu: simama wima, mikono ikining'inia, na uso wa bao uwe usawa wa kifundo cha mkono. Likiwa juu zaidi, mabega yatachoka ukipiga randa. Likiwa chini zaidi, mgongo. Liwe zito kiasi kwamba ukisukuma halisogei. Mpwa wangu ananizidi karibu inchi nne, kwa hivyo bao litakaa kwa kimo changu na yeye nitamtengenezea vipande vya kuliinua.

Umeme

Hapa hapana mzaha. Umeme wetu ni volti 240 na soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Ukizidisha unapata wati 3,000 na kitu. Msumeno wa mviringo wa wati 1,500 na grainda kwenye ekstensheni moja nyembamba iliyotolewa dirisha la sebuleni ni moto unaongoja siku yake. Ekstensheni iliyoviringwa nayo huhifadhi joto ndani ya mviringo, kwa hivyo ikunjue yote kabla ya kuwasha mashine.

Karakana inataka laini yake kutoka kwenye boksi kuu, waya mnene, waya wa ardhini unaofanya kazi kweli, na kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja kupitia mwili wa mtu, cha miliampea 30. Sisi wa pwani huingia kazini na ndala, sakafu imelowa, jasho linatiririka. Kifaa hicho ndicho kitakachotofautisha mshtuko na msiba. Kazi yenyewe apewe fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Kuhusu tokeni usihofu sana: mashine ya wati 1,500 ikizunguka saa nzima bila kupumzika inakula yuniti moja na nusu, na hakuna anayekata mbao saa nzima mfululizo.

Vumbi, matambara na jirani

Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mvule tunaoupenda, vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua cha baadhi ya watu. Barakoa nzuri ni bei ya soda chache. Msasa upigwe nje au mlangoni upepo ukitoka, na sakafu inyunyizwe maji kidogo kabla ya kufagiwa. Watoto wasicheze humo siku ya msasa.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Kitambaa kilicholowa mafuta ya linsidi, kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo, hujichemsha chenyewe mafuta yanapokauka, na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Kitandaze kwenye kamba uani mpaka kikauke kikakamae, ndipo ukitupe.

Kisha jirani. Ukuta wangu na wa jirani umetenganishwa na kichochoro cha futi tatu, na bibi yake hulala baada ya adhuhuri. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinampa haki ya kulalamika, lakini ujirani hauendeshwi kwa kanuni peke yake. Nimemwendea kabla ya kununua hata msumari. Tumekubaliana: mashine saa tatu asubuhi hadi saa sita, kisha saa kumi hadi magharibi, na Jumapili ni zana za mkono tu. Kwa upande wangu nimemwahidi kiti cha baraza. Nikianza kuuza vitu nitahitaji pia leseni ya biashara ya kaunti, na hapo mazungumzo yataanza upya.

Hesabu ya kodi

Sasa turudi kwa shilingi 8,000. Nyaya, matofali ya matundu, kipenu, mbao za bao, jiliwa na kufuli nimekadiria shilingi 45,000. Kodi ambayo sitaipokea kwa miezi sita ni 48,000. Jumla 93,000. Kwa milango miwili na kabati la jikoni fundi aliniambia shilingi 60,000. Nikitengeneza mwenyewe, mbao na vifaa vyake vidogo ni 25,000, basi nitaokoa 35,000. Bado natoka na pengo la shilingi 58,000.

Nimeiweka hesabu hiyo wazi mbele ya mke wangu, kwa sababu ndoto isiyoonyesha pengo lake huja kuvunja nyumba. Akaniuliza kama ningekuwa tayari kumlipa mtu 58,000 amfundishe mpwa wangu kushika randa kwa miezi sita, kila siku, chini ya macho yetu. Nikasema ndiyo. Akasema basi hiyo ndiyo bei yake, tuiite kwa jina lake.

Ni bei ambayo mitaa yetu imeacha kuilipa. Kila uwazi umekuwa chumba cha kupangisha, kila kipenu kibanda, na mwenye nyumba halaumiwi, maisha ni magumu. Lakini ufundi wa watu wetu haukufunzwa darasani peke yake. Ulifunzwa mlangoni, mtoto akimpa babake misumari na kuokota vipande vilivyoanguka. Zipo taasisi zinazofundisha, kama Swahili Cultural Centre huko Mji wa Kale chini ya Makavazi ya Taifa, na mpwa wangu nimemwambia aende akaulize nafasi. Hata hivyo kijana anayetoka darasani na kurudi nyumba isiyo na bao husahau haraka.

Tumekubaliana miezi sita, na masharti tumeyaandika. Milango miwili iwe imesimama kwenye fremu zake na inafunguka bila kubana. Kabati liwe jikoni. Mpwa wangu awe ametengeneza kigoda peke yake, kuanzia kupima hadi msasa, mimi nikiwa nje ya banda. Likikosekana moja, ufunguo unakwenda kwa mwenye duka, yeye ama mwingine, maana huyu ameshasema hawezi kuahidi kungoja, na siwezi kumlaumu.

Wewe mwenye banda lako, kabla ya kununua mashine, chukua futi na chaki. Andika kazi tatu utakazofanya. Chora sakafuni bao litakapokaa, mbao zitakapolala na upepo utakapopita. Mwendee jirani. Kisha keti na mwenzako mpige hesabu pamoja, pengo lote likiwa mezani. Ikiwa baada ya hayo yote bado unaitaka, basi jenga.